Tumbo Ambalo Jineri Nzima Ililiona

Nyanjige ng'wana Shigela hakuwa mtu wa kupisha. Kwao Shishiyu alichunga ng'ombe za baba yake mpaka akawa msichana mkubwa, kwa sababu kaka zake walizaliwa nyuma yake, na dume la ng'ombe likisimama njiani yeye hakulizunguka. Alisimama nalo hapohapo mpaka mmoja wao achoke, na si yeye aliyechoka. Alipoolewa na Jilala akaletwa Bariadi, mama mkwe wake, Mayu Salu, yaani Mama Salu, alimtazama anavyokatiza uani akasema, "Huyu hakuolewa. Huyu amehamia." Alilisema kwa ubaya. Miaka ilivyokwenda akawa analisema kwa majivuno, maana na yeye bibi huyo hakuwa mtu wa kupisha, na mtu wa namna hiyo hupenda kuwa na mwenzake nyumbani, hata kama ni wa kugombana naye.

Jilala alilima pamba na mtama upande wa Migato, na muda mwingi alikuwa hukohuko shambani. Nyanjige akapata kazi jineri, kile kiwanda cha kuchambulia pamba nje kidogo ya mji, siku hizo kikiwa bado mali ya ushirika. Wanawake walikaa chini kwenye turubai kubwa wakachagua pamba, safi huku, fifi, ile yenye madoa na takataka, huku. Ile safi ikabebwa kulishwa mashine, mashine ikatenga mbegu na nyuzi, nyuzi zikashindiliwa kuwa marobota. Vumbi lake linaingia puani, linaingia masikioni, jioni unalikuta kwenye ugali. Lakini ilikuwa kazi ya kudumu, yenye mshahara wa mwezi, na katika ukoo mzima wa Jilala hapakuwa na mwanamke mwingine aliyepokea mshahara. Bati zilizokuwa juu ya nyumba yao aliziweka yeye. Mvua ikipiga usiku alikuwa anaisikiliza kama mtu anayesifiwa.

Kisha ikaja ruksa ya biashara huria. Kila mwenye lori akawa mnunuzi wa pamba, ushirika ukayumba kama mlevi, na jineri ikapata mwenyewe mpya, tajiri wa Mwanza ambaye hakuna aliyewahi kumtia machoni. Alimleta meneja, jina lake Januarius, kijana wa shati jeupe, mtu wa mbali. Tusimsingizie, hakuwa na matusi. Alisalimia watu. Ubaya wake ulikuwa mwingine. Kila kitu alichokikuta pale alikiita "mambo ya ushirika," na akishakiita hivyo, basi kimekufa. Chai ya saa nne ilikuwa mambo ya ushirika. Vitambaa vya kuziba pua vilikuwa mambo ya ushirika. Mzee mmoja alikufa, wenzake wakaomba lori la kumzika, wakaambiwa hayohayo.

Msimu mmoja wa pamba, mwaka ule ambao baadaye zilinyesha mvua za El Nino, Nyanjige akawa mzito. Ilikuwa mimba yake ya tatu, lakini ya kwanza tangu aanze kazi. Hakumwambia mtu.

Mtu wa huku hawezi kushangaa hilo. Mimba haitangazwi. Mume utamwambia, mume atamwambia mama yake kwa kuzungukazunguka, mama mkwe atakufunga dawa kiunoni, basi, yameisha. Wengine wataona wenyewe, na wakiona watanyamaza, maana kulitaja tumbo la mtu kabla halijashuka ni kuwaonyesha njia wenye jicho baya. Mwenye adabu akimkuta mwanamke mzito amebeba gunia hasemi, "Una mimba, tua." Anasema, "Jua la leo ni kali, hebu lete hilo gunia." Mwanamke anatoa gunia. Wote wawili wameelewana na hakuna neno lililotoka.

Nyapara wa pale jineri aliitwa Constantine, mtu wa Sola, mrefu, mwenye sauti ya kushinda mashine. Siku kitenge cha Nyanjige kilipoanza kusogea mbele, alimfuata kwenye kulisha mashine, alikokuwa amepangwa msimu ule.

"Ng'wana Shigela, kuanzia kesho utakaa kwenye fifi."

"Kwa nini? Nimeharibu nini?"

"Nimesema utakaa kwenye fifi. Huku kuna vumbi."

"Vumbi limeanza leo?"

"Mwanamke huyu! Kaa kwenye fifi!"

Wenzake waliinamisha vichwa wakacheka ndani kwa ndani. Nyanjige akahamia kwenye fifi. Na kila siku ya gulio, Constantine akipita na virungu vyake vya maneno, alikuwa anaangusha juu ya gunia lake kipande cha pemba, ule udongo mgumu wa kijivu ambao wajawazito wanautafuna. Anaangusha, anapita, anaenda kumfokea mwingine. Naye hakusema wabeja, maana kushukuru kungekuwa ni kutaja. Alitia mdomoni akatafuna, kazi ikaendelea.

Uchungu ulimshika Jumapili, akajifungua mtoto wa kike kwenye kituo cha afya. Kesho yake Asumini akapeleka habari jineri. Asumini alikuwa shoga yake wa kwenye turubai, mwanamke wa mjini, mjane wa mwenye duka la vitambaa, na alikuwa ameanza kazi pale miaka mingi kabla ya Nyanjige. Alimwambia nyapara, "Yule ametua." Nyapara akajibu, "Apumzike." Wote wakadhani mambo yamekwisha.

Mwisho wa mwezi Nyanjige alikuwa bado ndani, mtoto hajatolewa nje. Akamtuma Jilala kuchukua mshahara. Jilala akarudi mikono mitupu, akasimama mlangoni akikuna shingo.

"Wamesema hauko."

"Siko wapi?"

"Kazini. Jina limefutwa. Wamesema umetoroka."

"Nimetoroka nikaenda wapi? Mimi si nimelala hapa!"

"Ndiyo walivyosema."

"Na wewe ukaitikia?"

"Niliitikia salamu," Jilala alisema. "Hayo mengine nilinyamaza."

"Ungelinyamaza salamu ukajibu hayo mengine!"

Mayu Salu alimkataza kutoka kabla mtoto hajatolewa. Kwa hiyo mtoto akatolewa haraka, kitovu kimekauka na jua limechomoza tu, na kabla umande haujaisha Nyanjige alikuwa njiani na mtoto mgongoni. Alimkuta meneja ofisini anafungua madirisha.

"Mwangaluka," Nyanjige akasalimia.

"Mwangaluka, mama. Hongera. Wa kike au wa kiume?"

"Wa kike. Jina langu liko wapi?"

Januarius akakaa. Akamwambia akae, naye akakataa. "Mama, hii sasa ni kampuni, ina utaratibu wake. Mwanamke akiwa mjamzito anakuja hapa mapema, anatoa taarifa, sisi tunapanga nani atashika nafasi yake. Wewe hukuja. Uliacha kazi bila kusema. Kwa utaratibu wetu huo ni utoro."

"Nije nikutamkie wewe tumbo langu?"

"Ndiyo utaratibu."

"Wewe ni mume wangu? Ni mkunga?"

"Ni meneja."

"Meneja wa pamba."

Kijana akavuta pumzi. Bado hakutukana. Alimwambia kwa upole kwamba wapo wenzake wawili yaliwakuta hayohayo msimu uliopita, nao walikuwa waelewa, wakarudi kama vibarua wa kulipwa kwa siku. Na yeye anaweza kuanza hata kesho. Tena atampa kitu kidogo cha sabuni ya mtoto, kutoka mfukoni mwake mwenyewe.

"Na likizo ya uzazi?"

"Ya malipo?" Akatabasamu kidogo. "Mama, hayo yalikuwa mambo ya ushirika."

"Sabuni ninayo," Nyanjige akasema, akatoka.

Lakini njiani alitembea polepole kuliko alivyokuja. Yeye pia alidhani hivyo. Alidhani zile likizo za akina mama wa zamani zilikuwa huruma ya ushirika, kama chai ya saa nne, na kwamba aliyekufa amekufa na huruma yake. Aliyemzindua ni Asumini, walipokutana kisimani.

"Nani kakudanganya?" Asumini aliweka ndoo chini. "Huruma? Nilipomzaa Hilali wangu, karani wa ushirika alininunia mpaka mdomo ukapinda, lakini alilipa. Analipa huku ananuna! Mtu wa huruma ananuna? Ile ilikuwa sheria ya nchi, shoga. Ushirika umekufa, sawa. Nchi nayo imekufa?"

"Inasemaje hiyo sheria?"

"Wiki kumi na mbili unalea, mshahara kamili, na kazi yako inakungoja. Ilimradi hujachukua nyingine kama hiyo ndani ya miaka mitatu."

"Una hakika?"

"Nina hakika ya nilichokula. Na wale wawili waliokubali ukibarua wangenisikiliza, wangekula na wao. Walisema wanaona aibu."

"Na hiyo habari ya kutoa taarifa?"

"Hapo sijui. Nenda kwa afisa kazi, ndiye mwenye kujua. Mimi tumbo langu lilijitangaza lenyewe."

Wakati huo Simiyu yetu ilikuwa haijawa mkoa. Ukitaka ofisi ya mkoa unakwenda Shinyanga. Mayu Salu alipiga kelele kwamba mtoto mchanga hasafirishwi, kwamba kazi ni kazi na mtoto ni mtoto, kwamba huo mshahara umekuwa kama mume wa pili. Asubuhi yake ndiye aliyetangulia stendi, amevaa viatu vya kanisani.

"Unakwenda wapi, mayu?" Nyanjige akamuuliza.

"Unadhani nitamwacha mjukuu wangu aende kwa watu wa ofisi peke yake?"

Afisa kazi alikuwa mama mnene wa miwani, aitwaye Matilda, mwenye mafua, anayesikiliza huku anapenga. Aliangalia kadi ya kliniki, aliuliza miaka ya kazi, aliuliza watoto wa kwanza walizaliwa lini. Akasema kwamba haki ipo, haikuzaliwa na ushirika wala haikuzikwa nao, na kwamba tajiri akinunua jineri anainunua na wafanyakazi wake wa kudumu. Hapo Mayu Salu akampiga Nyanjige kiwiko.

"Lakini nisikilize," Matilda akasema. "Meneja atasimama na neno moja tu. Atasema hakujua. Aliona mtu hayupo kazini, akafuta jina. Sasa nani alijua, pale kazini, mwenye cheo?"

"Kila mwenye macho."

"Kuna aliyelisema?"

"Sisi hatulisemi."

"Mtu wa cheo, mama. Anayeweza kusimama mbele yangu akasema, nilijua."

Nyanjige alimhamishia mtoto kwenye paja la pili. Alijua jina. Alijua pia kwamba mwenye jina hilo ana nyumba ya watoto na hana shamba la maana, na kwamba jineri ya siku hizi haina kazi ya kuomba mara mbili.

"Nyapara," akasema mwishowe. "Constantine."

Habari ikamfikia Constantine kabla afisa hajafika Bariadi. Akaja jioni nyumbani kwa Jilala, akakataa kiti, akasimama karibu na zizi kama mtu aliyekuja kununua ng'ombe.

"Ng'wana Shigela, usinitaje."

"Nimeshakutaja."

"Nina watoto."

"Na mimi ninaye huyu, hapa mgongoni. Umemwona?"

"Ukinisimamisha mbele ya yule mama nitasema ulikuwa unaumwa mgongo. Ndiyo maana nilikuhamisha. Mgongo."

"Sema," Nyanjige akamjibu. "Lakini utaniangalia wakati unasema."

Constantine akaondoka bila kuaga. Jilala, aliyekuwa akisikiliza kutoka ndani, akatoka akasema labda wangekubali tu huo ukibarua, mambo yakatulia. Nyanjige alihesabu ng'ombe zizini, wote walikuwepo, akafunga lango, akaingia kulala.

Siku ya shauri mashine zilizimwa, na hilo peke yake lilitosha kuwaleta wanawake wote dirishani. Ofisini walikaa Matilda na kitambaa chake cha mafua, meneja, nyapara ameshika kofia mapajani, na Nyanjige ananyonyesha. Mayu Salu aliingia akakaa sakafuni katikati, amenyoosha miguu.

"Bibi, wewe ni nani katika shauri hili?" meneja akamuuliza.

"Mimi ndiye mwenye mjukuu."

"Tungeomba usubiri nje."

"Omba," bibi akasema, asijongee.

Matilda akapita juu ya hilo. Meneja akaeleza utaratibu wa kampuni, taratibu, kwa sauti nzuri. Alisema kampuni haina ugomvi na uzazi. Alisema kampuni haiwezi kujua lililomo ndani ya mtu ambaye hakusema. Hata dirishani wengine walianza kutikisa vichwa kwa kukubali, maana lilikuwa neno linaloingia akilini.

"Nyapara," Matilda akageuka. "Ulimtoa mama huyu kwenye mashine ukampeleka kuchagua fifi. Kwa nini?"

Constantine akaangalia kofia. "Mgongo, mama. Alikuwa analalamika mgongo."

"Mgongo wa mbele?" Mayu Salu akauliza kutoka sakafuni.

Dirishani kicheko kikapasuka. Meneja akagonga meza. Nyanjige akamtoa mtoto kwenye ziwa, akampa bibi yake, akasimama.

"Constantine. Niangalie. Mimi nimewahi kukulalamikia kitu? Tangu nije hapa, mgongo, kichwa, njaa, chochote? Wewe mwenyewe unaniita mwanamke huyu kwa sababu silalamiki, nabisha. Haya. Na ile pemba uliyokuwa unaniangushia kila siku ya gulio, ilikuwa dawa ya mgongo?"

"Pemba!" sauti ikatoka dirishani. "Sema pemba ilikuwa ya nini!"

"Hata mimi nilimega!" Asumini akapiga kelele. "Na sikuwa na kitu tumboni ila njaa yenu!"

"Pemba ni nini?" meneja akauliza.

"Udongo," Matilda akasema, akipenga. "Anautafuna mwenye mimba. Anayeumwa mgongo hautaki. Nyapara, ulikuwa unampa?"

Constantine aliigeuza kofia akaigeuza tena. "Mama, kwetu kulitaja tumbo la mke wa mtu si adabu."

"Sikukuuliza adabu. Nimekuuliza kama ulijua."

Akanyanyua macho, na ya kwanza aliyokutana nayo yalikuwa ya Nyanjige. Hayakuwa yanaomba. Labda yangeomba, angeweza kudanganya.

"Nilijua," akasema. "Nilijua, nitasemaje sasa? Kila mtu alijua. Hata meneja alijua."

"Mimi?" Januarius akaruka. "Mimi nilijua lini?"

"Siku ile ulipita kwenye turubai na wageni wa kutoka Mwanza. Uliniita pembeni ukaniambia, mtafutie yule mama mjamzito kitu cha kukalia, asikae chini. Nikampa debe la mafuta akakalia mpaka siku aliyoondoka. Ulisema hivyohivyo, mjamzito. Ulilisema kwa sauti, walio karibu wote wakasikia, mwenyewe tu ndiye alikuwa mbali."

Mmoja dirishani akasema, "Ni kweli, alisema! Mimi niliziba masikio!" na mwingine, "Mimi nilitema mate chini!" na wote wakaanza kukumbuka kwa pamoja, nani alisimama wapi, nani alijishika kifua, nani alimvuta nani kitenge. Tumbo lenyewe walilizoea. Kilichowabakia kichwani ni siku mtu alipolitaja waziwazi kwenye turubai, mchana kweupe, na wala jambo baya halikumpata.

Januarius alikuwa amewaka masikio. Na uchungu wake, mtu akitaka kumwonea huruma, ni kwamba siku ile alitenda wema. Alimwona mwanamke anateseka akamtafutia kiti. Wema huohuo sasa ulikuwa umekaa mezani unamtolea ushahidi.

"Ulisema hivyo?" Matilda akamuuliza.

"Sikumbuki," akasema. Kisha, maana hakuwa mwongo mkubwa, "Inawezekana."

Basi ikaamuliwa. Jina lirudi, likizo ihesabiwe tangu siku ya kujifungua, mshahara wake ulipwe kama wa mtu aliye kazini. Meneja akasema lazima aulize Mwanza. Matilda akasema aulize, lakini ajibiwe vizuri, maana yeye atarudi.

Mwanza haikujibu upesi. Mvua zikaanza kumwagika, zile za mwaka ule, barabara zikawa mito, na kila walipoulizwa ofisini walisema simu haishiki. Nyanjige alikuwa anakuja na mtoto, anachukua lile debe la mafuta, analiweka mlangoni pa ofisi, anakaa, ananyonyesha. Wauza pamba waliokuja kudai chao walimkuta pale.

"Mayu, nawe unangoja nini?"

"Nangoja Mwanza."

"Mwanza itakuja yenyewe?"

"Isipokuja leo itanikuta kesho."

Meneja alipita juu ya miguu yake kuingia ofisini kwake mwenyewe, akipita akisema samahani. Mwishowe Mwanza ikaja, na hela zikatoka. Nyanjige akapokea, akahesabu mbele ya meneja, akarudisha debe mahali pake. Wiki zake za kulea zilipotimia akarudi kazini kwa mguu wake, wa kudumu kama alivyokuwa, mtoto kaachwa kwa bibi.

Constantine alikuwa amevuliwa unyapara. Walimweka stoo ya mbegu, kubeba na kupanga magunia. Siku ya kwanza walipokutana, alikuwa mweupe wa vumbi mpaka kope.

"Umeniponza, ng'wana Shigela."

"Sikukuponza. Uliulizwa ulichoona, ukasema."

"Ningesema mgongo ningekuwa bado nyapara."

"Ungekuwa nyapara wa kuchekwa na Mayu Salu mpaka kufa kwako."

Alitaka kukasirika, akashindwa, akacheka, kisha akakasirika. Nyanjige hakumwomba radhi, wala hakuona cha kuombea. Lakini siku hiyo hiyo alisimama mbele ya meneja akamuuliza kama kusema kweli mbele ya afisa wa serikali nako ni utoro. Hakujibiwa. Akauliza tena wiki iliyofuata. Aliendelea kuuliza.

Msimu uliofuata meneja akatoa tangazo. Akasimama kwenye turubai akalisoma yeye mwenyewe, maana wengi pale hawakuweza kusoma. Alisema kampuni inaheshimu likizo ya uzazi kama serikali inavyotaka. Ila kila mwanamke mwenye mimba aje mwenyewe dirishani pa ofisi, atamke kwa mdomo wake, mapema, iandikwe. Ambaye hakutamka asilaumu mtu. Kisha akaingia ndani, na wanawake wakatazamana, kwa sababu waliona mtego ulivyo. Nani atakwenda kusimama pale, kwenye mstari wa wanaume wa malori, kulitaja tumbo lake mwenyewe? Kijana alikuwa amejifunza desturi za watu, akazifanya uzio.

Kwenye fifi kulikuwa na binti mmoja, Debora, aliyeolewa mwaka uleule, mpole, wa kujibu kwa kutikisa kichwa. Nyanjige alimwona anavyomeza mate kila harufu ya mafuta ya mashine ilipopita. Jioni akamwambia Mayu Salu kwamba kesho anampeleka yule binti dirishani.

"Utamtajia mtoto wa watu tumbo?" Bibi alisimama na mwiko mkononi. "Jicho likimpata?"

"Jicho limeshatupata, mayu. Limetupata kwenye mshahara. Wale wawili wa msimu ule nani aliwaroga? Walinyamaza vizuri, kwa adabu zote, na leo ni vibarua."

"Mambo ya kuropoka mimba nilikufundisha mimi?"

"Hukunifundisha. Ila ulikaa katikati ya ofisi ukauliza mgongo wa mbele."

Bibi akarudi kwenye chungu, akakoroga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Mfunge dawa kwanza," akasema baadaye, bila kugeuka. "Ndiyo mwende."

Wakaenda. Mstari ulikuwa mrefu, madereva wa malori, wauza pamba, karani wa mizani. Debora aliinamisha uso mpaka kidevu kikagusa kifua. Nyanjige hakupanga mstari. Alimshika mkono akampitisha mbele ya wote, na mwanaume mmoja aliyeguna akaangaliwa mara moja tu, akanyamaza. Nyanjige akagonga kioo. Januarius akafungua.

"Tumekuja kutoa taarifa," Nyanjige akasema, kwa sauti ya turubai, ile ya kushindana na mashine. "Huyu ana mimba."

Mstari mzima ukageuza uso. Mzee mmoja akavua kofia akaivaa tena.

"Aseme mwenyewe," meneja akasema. "Tangazo linasema mwenyewe."

Nyanjige akamtazama Debora. Hakumsukuma, wala hakumnong'oneza. Alisimama tu, kama alivyozoea kusimama, akauachia mkono wake. Watu wakangoja. Mle stoo ya mbegu mtu aliacha kubeba gunia akachungulia mlangoni.

"Nina mimba," Debora akasema chinichini.

"Sijasikia," meneja akasema.

Binti akanyanyua uso. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini si ya aibu tena. Alikuwa amekasirika, na hasira ilimpendeza.

"Nimesema nina mimba! Nina mimba! Watu wote wamesikia, wewe tu ndiye kiziwi? Andika!"

Nyuma yake, kutoka kwenye turubai, mwanamke mmoja akainuka akajipukuta pamba kwenye kitenge. Akainuka na wa pili. Wakaja kusimama nyuma ya Debora kungoja zamu yao ya kuandikwa, na madereva wa malori wakasogea wenyewe kuwapisha.